Niru imekwisha, nyumba iko mlimani Bugarika: niweke sakafu gani?

Ngosha wa Bugarika (mtoa mada)

Wakuu, habari za wikendi.

Nina nyumba ya vyumba vitatu na sebule hapa Bugarika, Mwanza, ile sehemu ya juu ambayo ukifungua dirisha unaona mji na kipande cha ziwa. Nilihamia na sakafu ya niru, ile saruji laini ya juu, kama wengi wetu, pesa ilikuwa imeishia kwenye bati. Sasa niru inamenyuka, sebuleni kuna vishimo vya kutosha kuyumbisha meza, na ukifagia asubuhi jioni vumbi limerudi.

Nyumbani hatuelewani. Mke wangu ameona marumaru nyeupe za kung'aa, sentimita 60 kwa 60, duka moja la Nyakato, na hataki kusikia kingine. Shemeji yangu wa Dar anasema achana na marumaru, weka vinaili ya kubofya, vile vibao vya plastiki vinavyoshikana kwa ndimi na kufanana na mbao, ndani ya siku moja umemaliza. Mama yangu mzazi tunaishi naye, goti linamsumbua, anasema sakafu za baridi ni za hospitali.

Vipimo: sebule mita 5 kwa 4.2, chumba cha mama 3.5 kwa 3, vingine viwili 3 kwa 3 kila kimoja. Kuna korido fupi na choo cha ndani.

Halafu kuna kajambo kadogo. Chumba cha nyuma kinachoutazama mlima, masika kona ya ukuta inalowana, rangi inababuka mpaka usawa wa goti. Kiangazi panakauka pote. Nataka kazi ifanyike mara moja nisirudie. Wabeja.

Siti ya Mbele

Naweka kigoda hapa. Mimi wa Buhongwa, kwetu hakuna mlima ila niru imenitesa hivyohivyo.

Fundi Kamba

Ngosha, hako kajambo kadogo ndiko kanakoamua uweke nini. Marumaru na vinaili tutavizungumza baadaye.

Milima yetu hii ni jiwe tupu lililofunikwa na udongo kidogo. Mvua ikipiga juu kule, maji hayazami mbali. Yanakutana na mwamba, yanaanza kuteleza juu yake chini ya udongo, wewe huyaoni. Ukishakata mlima ukapata kiwanja cha nyumba, ukuta wako wa nyuma ndio unayakinga. Mengine yanapanda ukutani, hayo ndiyo yanayobabua rangi. Mengine yanaingia chini ya jamvi, lile zege la sakafu, na kupanda polepole kupitia zege. Kiangazi yakikoma unadhani pamepona.

Fanya jaribio hili. Fagia sehemu ya sakafu kwenye chumba hicho, tandaza kipande cha nailoni nzito nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote nne kwa utepe mpana wa gundi, acha siku nzima na usiku wake. Ukifunua ukakuta matone upande wa chini wa nailoni, au saruji pale imekuwa nyeusi kuliko pembeni, unyevu unatoka chini. Fanya na sebuleni, katikati na karibu na ukuta wa mlimani. Kiangazi ukikuta pakavu usifurahi sana, rudia mvua za Aprili.

Sasa angalia kila sakafu inavyopokea unyevu huo:

Vinaili inaufungia chini. Hakuna pa kutokea, gundi inalegea, kingo zinainuka, na chumba kinaanza kunuka kama kikapu cha nguo mbichi. Zile mbao za kubana za kiwandani, lamineti, ni mbaya zaidi maana ndani yake ni ungaunga wa mbao uliogandamizwa. Zikinywa maji zinavimba kwenye maungio na hazirudi. Marumaru zenyewe hazioni shida, ila maji yanapanda kwenye michirizo ya grauti, ule uji unaojaza kati ya vipande, na kuacha chumvi nyeupe, na kama zimebandikwa kwa vipupu, yaani madonge ya saruji au gundi hapa na pale, zinaanza kuachia. Niru ndiyo inayopumua, nayo inalipa kwa kumenyuka, kama unavyoona.

Kwa hiyo kwenye chumba cha nyuma usiweke kitu chochote cha gharama mpaka maji yapate njia nyingine. Chimba mfereji nyuma ya nyumba, kitako chake kiwe chini kuliko uso wa sakafu yako ya ndani, lakini usipite kitako cha msingi, utaiachia nyumba hewani. Laza bomba la plastiki lenye matundu, funika kwa kokoto, lipe mwinamo litokee ubavuni mwa nyumba. Na usimwelekezee jirani wa chini. Bugarika kila mtu ni jirani wa chini wa mtu fulani.

Kijana wa Kiseke

Fundi, unaionea vinaili. Nimeweka ya kubofya kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, mwaka wa pili huu haijatikisika. Haina kelele, miguu haipati baridi, na nikihama naing'oa naondoka nayo. Marumaru utaiachia mwenye nyumba.

Fundi Kamba

Kijana, umesema mwenyewe: ghorofa ya pili. Chini yako kuna sebule ya mtu, siyo mlima. Hapo hata mimi ningekuwekea hiyohiyo, na hoja ya kuhama nayo ni nzuri. Angalia jua tu. Kama una dirisha kubwa la magharibi, vinaili inayopigwa na jua la saa tisa kila siku inatanuka. Isipoachiwa nafasi kidogo pembeni chini ya skatingi, ule ukingo wa chini ya ukuta, itatengeneza mgongo katikati ya chumba. Na sakafu ya chini yake lazima iwe imenyooka. Ile laini nyembamba huonyesha kila kishimo, ile ya kubofya huvunjika ndimi zake palipo na bonde.

Mama Wawili (Nyegezi)

Nisemee upande wa anayepiga deki, maana wanaume hapa mnaongea misingi na mabomba.

Nyeupe ya kung'aa kwa nyumba ya mlimani Mwanza ni kazi ya kudumu. Njia zetu za kupandia ni udongo na changarawe. Mgeni akiingia na viatu unaona unyayo mpaka kwenye kochi. Kiangazi vumbi linaonekana, masika tope linaonekana, na ukiipiga deki bila kukausha kwa kitambaa inabaki na michirizi. Siyo kwamba nyingine hazichafuki. Zinakusitiri tu.

Lakini la muhimu ni mama na goti lake. Marumaru ya kung'aa ikipata maji kidogo tu inateleza. Kabla ya kununua, muombe muuza duka akupe kipande kimoja, weka chini, mwagia maji yenye sabuni kidogo, vua kiatu, sukuma kisigino juu yake huku umeshika kaunta. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani. Kwa chooni na mlangoni chukua zile zenye mikwaruzo au zinazofanana na jiwe. Usikubali ukiambiwa "hii inafaa kote".

Kuhusu baridi: Mwanza hakuna baridi ya kuogopwa, ni ile ya alfajiri tu. Mama awekewe zulia dogo upande anaoshukia kitandani. Ila zulia juu ya marumaru lazima liwe na mpira chini, lisiloshika chini ni hatari kuliko hata marumaru tupu.

Fundi Kamba

Dada amemaliza. Niongeze kwamba maboksi mengi ya viwandani, hasa ya nje, yana alama ya R na namba kuanzia 9 hadi 13. Ndiyo inayoonyesha utelezi, namba ikipanda inashika zaidi. R9 ya sebuleni usiipeleke bafuni. Kuna alama nyingine ya PEI, 1 hadi 5, inahusu uso kuvumilia kukwaruzwa. Ya 1 na 2 ni za ukutani au chumba kinachokanyagwa kwa soksi, nyumba yenye watoto na mchanga wa kwenye viatu tafuta 4. Boksi likiwa halina alama yoyote, fanya jaribio la dada la sabuni.

Mwana Igombe

Mimi niko ufukweni, kwetu maji hayatoki mlimani, yanatoka ziwani. Ziwa lilipopanda 2020 liliingia kwenye nyumba za watu wengi huku, na 2024 likapanda tena. Nilichokiona kwa macho: waliokuwa na mazulia ya plastiki waliyakunja na kuyatupa. Waliokuwa na sakafu ya saruji ya rangi nyekundu walisubiri maji yaondoke, wakasukuma tope nje, wakapiga maji masafi, maisha yakaendelea.

Watu wanaidharau ile nyekundu kwa sababu ni ya nyumba za bibi. Ni ungaunga wa rangi unachanganywa kwenye saruji ya juu, inasuguliwa kwa mwiko ikiwa bado mbichi mpaka inang'aa, baadaye unapaka nta. Rangi yenyewe inatokana na chuma kilichopata kutu, kwa hiyo hakuna cha kupauka hapo.

Swali kwa Fundi: ile chumvi nyeupe kwenye sakafu, si ndiyo ya ziwani? Jamaa wa Dar huwa wanasema mchanga wa ufukweni una chumvi.

Fundi Kamba

Hapana mkuu. Wa Dar wana bahari, sisi tuna maji baridi. Chumvi nyeupe unayoiona inatoka kwenye udongo na kwenye saruji yenyewe. Maji yakipita ndani ya zege yanaibeba, yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki. Ukifuta bila kuzuia maji utafuta mpaka uchoke.

Mchanga wa ufukweni una kosa lingine: mara nyingi ni mwororo mno na una tope. Chukua chupa ya maji ya kunywa inayoonyesha ndani, jaza mchanga nusu, ongeza maji mpaka karibu na mdomo, tikisa, acha itulie hadi kesho. Mchanga utakaa chini, tope litajipanga juu yake kama mstari wa rangi tofauti. Mstari ukiwa mnene, hiyo niru itamenyuka hata umwite fundi gani. Nadhani hata ya Ngosha ilianzia hapo, pamoja na kumwagwa Jumamosi na kuanza kukanyagwa Jumatatu bila kumwagiliwa. Saruji inatakiwa kulowanishwa walau siku 7.

Na kama unataka kujenga huko Igombe, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, mita 60 kutoka ufukweni hazitakiwi kuwa na shughuli za kudumu. Sakafu nzuri haitakuokoa hapo.

Mpenda Terazo

Mnapita hapa na pale bila kutaja terazo? Ingieni kwenye majengo ya zamani ya ofisi hapa mjini. Watu wamekanyaga tangu wazee wetu ni vijana, na bado inang'aa. Vipande vya mawe vinachanganywa na saruji, nyeupe au ya kawaida, sakafu inagawanywa kwa vibanzi ili isipasuke ovyo, ikikauka inasagwa kwa mashine mpaka mawe yatokeze. Haina michirizo ya kuficha uchafu. Hapa kwetu mawe tunakanyaga kila siku, akina mama wanagonga kokoto kila kona ya mlima, halafu tunaagiza marumaru zenye picha ya jiwe!

Fundi Kamba

Naipenda terazo kuliko vyote. Ila ndani ya nyumba ambayo watu wanaishi, ile mashine inatoa uji wa saruji unaotapakaa mpaka kwenye kuta, na unene wake unapandisha sakafu kiasi cha kukata milango yote. Na mafundi wanaoijua kweli wamebaki wachache. Anayeanza nyumba mpya, kabla ya plasta ya mwisho, aifikirie sana. Ngosha, kwako hapana.

Siti ya Mbele

Tufikie hesabu jamani. Boksi ngapi?

Fundi Kamba

60 kwa 60 kipande kimoja ni mita 0.36 za mraba, boksi la vipande 4 ni 1.44. Soma pembeni ya boksi, wengine wanafunga tofauti.

Sebule ni 21. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, 23.1. Gawa kwa 1.44 unapata 16.04, yaani boksi 17. Hapo ndipo wengi wananunua 16, halafu siku ya mwisho kona ya mlangoni inakosa kipande kimoja, wanarudi dukani wanakuta rangi imebadilika kidogo. Kila mkupuo wa kiwandani una namba yake na kila boksi limeandikwa namba hiyo. Hakikisha zote zinafanana kabla ya kupakia, siyo baada ya kushusha.

Chumba cha mama ni 10.5, na asilimia 10 ni 11.55, boksi 9. Vyumba viwili, kila kimoja boksi 7. Ukinunua aina tofauti kila chumba, jumla ni boksi 40. Ukiweka aina moja kote ni mita 49.5, na nyongeza 54.45, boksi 38, maana mabaki ya sebule yanaingia vyumbani. Korido na choo sijaviweka, hujatoa vipimo. Zitakazobaki usigawe, zifungie stoo. Siku fundi bomba akivunja moja utanikumbuka.

Mke wa Mtoa Mada

Ndiyo mimi ninayesemwa. Mume wangu kanionyesha uzi huu akitabasamu kama aliyeshinda kesi.

Nimemsoma Mama Wawili na nimemuelewa, kung'aa naachia. Mama akianguka ni mimi nitakayemuuguza. Lakini msinipeleke kwenye kahawia za ofisi ya kata. Nataka nyumba iwe na mwanga, chumba cha nyuma dirisha lake linatazama mwamba, mchana unawasha taa. Kuna rangi gani ya katikati?

Mama Wawili (Nyegezi)

Shem, karibu jukwaani! Tafuta rangi ya mchanga au maziwa yaliyotiwa chai kidogo, isiyong'aa, yenye madoamadoa au mawimbi. Inarudisha mwanga karibu kama nyeupe. Na grauti usikubali nyeupe, chagua ya kijivu nyepesi au inayokaribia rangi ya marumaru yenyewe. Grauti nyeupe mlangoni inageuka kahawia kabla mwaka haujaisha. Halafu ingia dukani na simu, piga picha, kisha toka na kipande nje ukiangalie juani. Taa za dukani zinadanganya.

Kijana wa Kiseke

Fundi, tupe namna ya kumkagua fundi. Wengi tunalipa tukiangalia tu kama mistari imenyooka.

Fundi Kamba

Mistari ndiyo ya mwisho.

Kwanza niru mbovu itinduliwe mpaka ufikie pagumu. Fundi anayebandika juu ya inayomenyuka anabandika kwenye vumbi, marumaru itaondoka na niru yake. Palipobaki pakwaruzwe, pafagiwe, paloweshwe.

Pili, muulize anabandika kwa nini. Marumaru ya seramiki ya kawaida hunywa maji, unailoweka kwanza, na saruji ikichanganywa vizuri inaishika. Ile ya posileni hainywi, asilimia 0.5 au chini ya hapo, kwa hiyo uji wa saruji hauingii ndani yake. Hiyo inataka gundi ya marumaru ya mfuko. Nyingi za 60 kwa 60 ni posileni. Akikuambia saruji inatosha kwa zote, mshukuru, mpe nauli.

Tatu, kaa umtazame akibandika kipande cha kwanza. Anaweka vipupu vitano, kimoja kila kona na kimoja katikati? Msimamishe. Anatakiwa apake gundi sakafu nzima kwa mwiko wa meno, akandamize, kisha akinyanyue kipande kimoja mbele yako mkiangalie kwa chini. Kiwe kimeshika kote. Palipo na utupu, mguu wa kitanda ukitua hapo kinapasuka, na kwa nyumba ya mlimani utupu huo ndio maji yanakokusanyika.

Nne, pembeni mwa ukuta aache upenyo kama milimita 5 hadi 10, skatingi itaufunika. Marumaru zilizobanwa ukuta kwa ukuta mchana wa joto zinainuka katikati na kulia mlio kama bunduki. Watu wanasema nyumba ina mapepo.

Tano, chooni mwaga ndoo ya maji kabla ya kumlipa. Mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Yakibaki hata kidimbwi cha kikombe kwenye kona, arudie.

Kazi ikikauka siku chache, chukua sarafu, pita kila kipande ukigonga kona na katikati. Sauti nzito ni sawa. Sauti ya debe tupu, weka alama kwa chaki. Moja mbili vumilia, zikiwa nyingi usilipe salio.

Mwana Igombe

Hiyo ya sarafu naichukua.

Ngosha wa Bugarika (mtoa mada)

Wakuu, mrejesho. Nimeweka nailoni sehemu tatu. Sebuleni pakavu. Chumba cha mama pakavu. Chumba cha nyuma, pamoja na kwamba mvua hazijakolea, nailoni ilikuwa na matone kama jasho upande wa chini, na saruji imeweka alama nyeusi ya mraba. Mke wangu aliitazama hakusema kitu, akaenda kutafuta jembe.

Tulivyokubaliana: pesa ya kwanza inakwenda kwenye mfereji. Sebule, korido na chumba cha mama tunaweka posileni isiyong'aa rangi ya mchanga, chooni ile yenye mikwaruzo. Chumba cha nyuma tunatindua niru na kupiga upya kwa mchanga uliopita jaribio la chupa, tunakiacha hivyo masika nzima tukione. Boksi zake tunanunua sasa hivi pamoja na nyingine ili namba zisipishane. Shemeji wa Dar kanuna kidogo, nimemwambia akijenga ghorofa tutamwekea vinaili.

Swali la mwisho, Fundi. Milango inafunguka kuelekea ndani na chini kuna nafasi ndogo sana, kidole hakipiti. Nikate milango au nishushe sakafu?

Fundi Kamba

Posileni na gundi yake ni kama sentimita 1.5, na niru unayotindua inakurudishia sehemu ya hiyo. Pima baada ya kutindua, siyo sasa. Milango ya mbao kata chini, ni kazi ya dakika. Mlango wa mbele wa chuma usiuguse. Pale mwambie fundi aanzie chini kidogo na akupe mwinamo mdogo kuelekea nje, mvua ya upepo wa ziwa inapiga upande huo.

Siti ya Mbele

Na sisi wa Buhongwa tusio na mlima, nailoni tutandaze au tuendelee tu?

Fundi Kamba

Tandaza. Buhongwa kuna mabonde.